Mama Utepe Anaondoka kwa Tarehe Yake

Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kusimama nyuma ya kaunta ya kufungia zawadi, mwenzetu tunayemwita Mama Utepe anastaafu. Naomba msomaji aitazame vizuri hiyo tarehe. Ndiyo iliyopangwa tangu alipoajiriwa, na ndiyo anayoondokea. Katika Kampuni yetu jambo hilo limepitwa na wakati kabisa, kama sare za kupigwa pasi na chai ya bure. Mkuu wa idara ya viatu alipata habari za kustaafu kwake mwenyewe kwa ujumbe wa simu, akiwa amepiga goti anamvisha mteja kiatu cha kushoto. Mwendesha lifti aliingia kazini Jumatatu moja akakuta lifti imeuzwa. Kwa hiyo mtu kuondoka siku yake mwenyewe, akiwa kwenye kaunta yake mwenyewe, ni muujiza mdogo, na wasifu huu ni habari za muujiza huo.

Mimi ni mkuu wa kaunta ya vifungo, uzi na zipu, ambayo ina mfanyakazi mmoja, na kwa kuwa mfanyakazi huyo ni mimi, nidhamu ni nzuri. Meneja wa tawi ameniomba niandike kurasa chache kwa ajili ya sherehe, ziwe za furaha na zisiwe na malalamiko. Nimemwahidi kwamba sitalalamika hata kidogo. Nitaisifu Kampuni kila inapostahili, na nafasi ikibaki nitamsifu na mstaafu.

Mama Utepe aliingia hapa akiwa binti mwembamba aliyemaliza shule juzi, akapangwa idara ya vyombo. Hakudumu wiki. Mteja alinunua sahani sita, yeye akazifunga moja moja kwa karatasi, taratibu, kama anavalisha watoto wachanga, huku foleni ikifika ngazini. Mkuu wa idara akapandwa na mori, akampeleka kaunta ya zawadi ili amwondoe machoni pake. Wakati ule ndiko walikopelekwa walioshindikana. Ni mara pekee ninayoijua ambapo Kampuni ilimhamisha mtu kwa hasira ikampeleka mahali panapomfaa.

Kaunta ilikuwa ghorofa ya chini, ikitazamana na mlango mkubwa: meza ya mbao ngumu, rula ya chuma iliyopigiliwa ukingoni, roli za karatasi, na ubao wa tepe za kila rangi ambazo ndizo zilizompa jina. Hapo akaweka sheria zake. Zawadi haifungwi mpaka aambiwe ni ya nani. Pembe ikienda upande, yote inafunguliwa inaanza upya, hata kama mteja ana harusi ya kuwahi. Na selotepu ni vipande vitatu tu. Anayezidisha, kwa maneno yake mwenyewe, "huyo hafungi zawadi, anaziba bomba."

Lile swali la zawadi ni ya nani lilikuwa na mambo yake. Kuna bwana mmoja aliulizwa, akaitazama sufuria yake, akairudisha idara ya vyombo akachagua kitu kingine, maana ilikuwa ya mke wake. Na kuna mama aliyekuwa akija kila mwaka na shali moja, ile ile, kuifungisha. Ya nani? Yangu, anasema, leo nilizaliwa na sina wa kunipa. Mama Utepe akaifunga kila mwaka kwa karatasi mpya na utepe wa rangi nyingine, akampongeza kwa mikono miwili, na hakuwahi kumsimulia mtu isipokuwa mimi. Na mimi sijamsimulia mtu isipokuwa ninyi.

Halafu dunia ikabadilika. Watu wakaanza kununua vitu kwa simu wakiwa wamejilaza vitandani. Kampuni, ambayo hailali, ikachukua hatua za kishujaa. Kwanza ikabadilisha rangi ya nembo. Watu wasiporudi, ikaibadilisha tena. Ikaufunga mgahawa wa ghorofa ya tatu kwa sababu wateja walikuwa wanakaa sana, na ni kweli, tangu siku hiyo hakuna aliyekaa. Ikapunguza wauzaji ili huduma iwe ya haraka. Matawi kumi na moja yakawa manane, manane yakawa matatu, na kila tawi lilipofungwa sisi tuliobaki tulipongezwa kwa kuzidi kuwa imara.

Katika mojawapo ya matawi hayo alikuwepo dada mkubwa wa Mama Utepe, muuza mapazia, mwanamke aliyekuwa na uwezo wa kulitazama dirisha lako kwa maelezo tu akakukatia kitambaa bila kukosea. Aliitwa ofisini asubuhi moja katikati ya kupima. Hakuruhusiwa kurudi kwenye kaunta kuaga. Mlinzi alimletea mkoba wake, akamtoa kwa mlango wa nyuma, ule wa takataka, na yule mteja akabaki amekishikilia kitambaa mkononi anauliza dada wa mapazia kaenda wapi. Tangu siku hiyo dada mtu hajakanyaga mjini. Mapazia ya nyumbani kwake mwenyewe aliyashusha.

Mama Utepe alinisimulia hayo wakati wa chakula cha mchana, bila kuinua macho. Kisha akasema: "Kaka, mimi sina makuu. Nataka kuondoka siku yangu, nikiwa nimesimama pale. Sitaki kuitwa ofisini." Hakutaka zaidi ya hapo. Na kwa miaka iliyofuata Kampuni ilifanya kila iwezalo, bila kujua, kumnyima.

Haikuwa kazi rahisi, maana yeye hakuwa na ubishi. Bidhaa zilipopungua rafuni, meneja wa wakati ule alimwagiza afunge maboksi matupu yapangwe ghorofa ya pili ili duka lionekane limeshiba. Akayafunga. Selotepu vipande vitatu, pembe zimenyooka kama zimekatwa kwa kisu, utepe juu. Ghorofa ya pili ikapendeza kuliko ilipokuwa na bidhaa. Keshia mgeni, ambaye hakuna aliyekumbuka kumweleza, akauza sita. Alirudi mteja mmoja tu, na alitaka la pili linalofanana na lile.

Kilele kilikuwa kwenye maadhimisho ya kuanzishwa kwa Kampuni. Zawadi ya mgeni rasmi ilisahaulika nyumbani kwa mkurugenzi, akatumwa mtu mbio ghorofa ya pili akabeba boksi kubwa kuliko yote. Mgeni rasmi akalifungua pale pale, mbele ya wapiga picha. Akatazama ndani. Alikuwa mtu mzima mwenye adabu zake, akatabasamu, akasema hakutarajia kupewa kitu kama kile. Picha hiyo bado inaning'inia kwenye korido ya ofisi, na mkurugenzi anaionyesha kwa fahari.

Sasa tufike kwenye foleni. Wale waliokuwa wananunua kwa simu waliletewa vitu vyao na pikipiki, vikiwa ndani ya maboksi yaliyopondeka, yamezungushiwa selotepu ya kahawia mpaka basi. Ukimpelekea mkweo kitu kama hicho ataona umekiokota. Wakakumbuka kwamba lipo duka ambako kuna mama anafunga zawadi bure. Wakaanza kuja. Jirani akamwambia jirani. Ikawa Jumamosi asubuhi foleni ya kaunta ya zawadi inafika mlangoni, kila mtu amekumbatia kitu alichonunua kwingine, na duka letu zima la ghorofa nne limechangamka kama zamani, ila hakuna anayenunua hata soksi.

Juu ya mlango kuna kifaa kinachohesabu wanaoingia. Makao makuu wakatazama hesabu, wakafurahi mno, wakaona ule umati unafaa upitishwe mbele ya bidhaa. Kaunta ikahamishiwa ghorofa ya kwanza, karibu na mashuka. Foleni ikapanda nayo, ikayapita mashuka bila kuyasalimia. Ikashushwa chini ya ngazi za umeme, ambazo zilishakuwa ngazi za kawaida. Foleni ikashuka. Mwishowe ikawekwa kwenye ujia wa kwenda chooni, na foleni ikasimama huko huko, ikichanganyika na foleni nyingine, kiasi kwamba watu wawili watatu walifungiwa zawadi bila kukusudia. Mama Utepe alihama na meza yake kila mara bila kununa. Aliniambia, maadamu meza ipo na siku zinakwenda, hata wakimweka juu ya paa atapanda.

Ndipo akaletwa meneja tuliye naye, ambaye tulimwita Bwana Takwimu tangu siku ya pili, kwa mapenzi. Yeye alifanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifikiria: alisimama mlangoni akatazama watu wanatoka na nini. Aligundua wanatoka na walichoingia nacho, kimefungwa vizuri zaidi. Kesho yake likabandikwa tangazo juu ya meza ya Mama Utepe: zawadi haifungwi bila risiti ya duka hili. Na aliitwa akaelezwa kwa upole kwamba risiti zisipotosha kufikia mwisho wa mwezi, kaunta itafungwa. Ilikuwa imebaki miezi mitatu afike tarehe yake.

Sitanii kwenye aya hii. Siku ile ya kwanza alitii. Alimrudisha fundi bomba aliyekuja na doli la binti yake, akamrudisha bibi na seti yake ya vikombe, akamrudisha kila mtu kwa maneno mazuri mpaka ujia ukawa mtupu. Kisha akaingia stoo, akakaa humo. Alipotoka macho yake yalikuwa yamevimba, akaanza kupanga tepe zilizokuwa zimeshapangwa. Nilikuwa na hasira za kutosha kumng'ata mtu. Binti yake, ambaye ni muuguzi, alikuja kumchukua jioni, akamwambia, "Mama, achana nao, twende nyumbani tu." Akajibiwa kwamba nyumbani kupo, hakukimbii.

Siku ya pili alikuja mwalimu mstaafu, mama wa miwani, na albamu ya picha kwa ajili ya mdogo wake. Alilisoma tangazo kama walimu wanavyosoma, kuanzia juu mpaka chini, na akarudia. Kisha akauliza kwa sauti ya darasani:

"Risiti ya nini? Wamesema ya duka hili. Hawakusema ya kitu gani."

Akaja moja kwa moja kwenye kaunta yangu. "Mwanangu, kitu chako cha bei ya chini kabisa ni kipi?" Nikamwambia ni kifungo cha shati, cheupe, cha matundu manne. "Nipe kimoja." Nikamkatia risiti. Akaichukua risiti, kifungo akaniachia pale mezani, akarudi ujiani kufungiwa albamu yake.

Ndugu wasomaji, hamjaona duka likifanya biashara. Kufikia Jumamosi foleni ilianzia kwangu ndiyo iende kwa Mama Utepe. Kila mtu kifungo kimoja, kila mtu risiti moja. Mafundi bomba, mabwana harusi, mashangazi, wote. Wengi waliniachia kifungo kama yule mwalimu, nami ningefanyaje, nilikirudisha kwenye droo, kikamsubiri mteja wa nyuma yake. Kuna kimoja chenye alama ya mkwaruzo ambacho naamini kimeuzwa mara nyingi kuliko bidhaa yoyote katika historia ya Kampuni. Mama Utepe aliona yote hayo akakaza uso kabisa. Ila nilipopita ujiani alinisimamisha akaninong'oneza, "Kaka wa vifungo, Mungu anakuona." Na mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Mwisho wa mwezi ripoti ikaenda makao makuu. Huko kwenye viyoyozi walikaa wataalamu wakaichambua. Waliona kwamba kati ya risiti zote za tawi, karibu zote ni za vifungo. Waliona pia kwamba idara ya vifungo ndiyo pekee inayouza bila kumaliza mzigo, jambo lililowagusa sana. Mtu mwingine angetuma mjumbe aje kuuliza kulikoni. Wao hawakutaka kutusumbua. Walitambua kuwa watu wa mji huu wana njaa ya vifungo.

Yaliyofuata mliyaona kwa macho yenu. Nilipewa ngao. Viatu vilivyobaki vikapandishwa juu, na ghorofa nzima ya chini ikageuzwa kuwa Ulimwengu wa Vifungo. Malori yakaleta masanduku. Kulikuwa na vifungo vya mbao, vya shaba, vya umbo la samaki, na vingine vikubwa kama visosi ambavyo mpaka leo sijui vinafungia nini. Dirishani akasimamishwa mdoli wa kuvalishia nguo, amepigiliwa vifungo toka utosini mpaka kidoleni, na watoto waliopita barabarani walilia. Na ili wateja wa vifungo wahudumiwe ipasavyo, makao makuu yakaagiza kaunta ya zawadi itolewe chooni mara moja, irudishwe ghorofa ya chini, mkabala na mlango mkubwa. Siku tulipoisukuma ile meza mpaka pale pale ilipoanzia, Mama Utepe alipitisha kiganja juu ya mbao zake, akasema tu kwamba hapa mwanga ni mzuri. Nilimwelewa.

Lazima nimtendee haki Bwana Takwimu. Si mjinga. Alielewa mapema kuliko wote, nadhani kabla hata ya ripoti, na alikaa kimya. Alasiri moja alishuka na boksi lake lililopondeka, akapanga foleni kama mtu mwingine, akanunua kifungo kwangu bila kunitazama usoni. Alipofika kwa Mama Utepe akaulizwa zawadi ni ya nani. "Ya mama," akasema. "Hajui kama bado nina kazi au sina, kila nikimpigia ananiuliza." Mama Utepe akamfungia kwa karatasi ya bei mbaya, ile ya chini ya meza. Anausoma wasifu huu leo kabla haujachapwa, na ninamshukuru mapema kwa kutoikata aya hii.

Vifungo havikuliokoa duka. Hakuna aliyedai hivyo. Vifungo elfu moja bado ni hela ya soda, na makao makuu walipoacha kuhesabu risiti wakahesabu kilichomo ndani yake, walishtuka sana, wakatangaza kwamba tawi hili, lililo imara kuliko yote, litafungwa. Lini, hawajasema. Wamesema tutajulishwa kwa wakati muafaka, na sote tunajua wakati muafaka wao unamkuta mtu amepiga goti na kiatu mkononi. Lakini walichelewa kwa mtu mmoja. Mwezi ulikwisha, na wa pili, na wa tatu, na leo ni Ijumaa.

Tafadhali wageni waalikwa muwe na subira. Sherehe imepangwa ghorofa ya tatu, ambako mgahawa ulikuwepo, viti vimefutwa vumbi na meza kuu ina kitambaa. Mkimkosa mstaafu kwenye kiti chake msihangaike. Yuko chini. Asubuhi binti yake alimfuata na maua, akamwambia, "Mama, wanakusubiri juu." Akamjibu bila kuweka mkasi, "Na hawa wananisubiri hapa." Foleni ya leo imetoka nje ya mlango imepinda kona, maana habari zimeenea. Atapanda ikiisha. Keki haiozi.

Dada yangu, sasa nasema na wewe. Kwa niaba ya tuliobaki, ambao tunaenea kwenye meza moja, asante. Asante kwa kila pembe uliyoinyoosha kwa ajili ya mtu usiyemjua. Asante kwa kutuuliza sote, miaka yote, kitu hiki ni cha nani, kwenye Kampuni ambayo haikuwahi kuuliza. Nitakukosa mchana wakati wa kula, na sioni haya kuliandika. Nenda ukapumzishe miguu yako. Uamke jua limeshapanda, uiache chai yako mezani mpaka ipoe, ugombane na mume wako kwa raha zako, na afya isikupungukie. Uwe na maisha marefu kuliko nembo zetu zote tatu.

Sisi tarehe zetu hatuzijui, tutaitwa mmoja mmoja. Lakini yako tumeilinda, na imefika, na hakuna anayeweza kuirudisha nyuma. Ukimaliza huyo wa mwisho, vua aproni, chukua mkoba wako kwa mkono wako mwenyewe. Mlango mkubwa siku hizi tunaufungua upande mmoja tu ili kubana matumizi, ila nimeshaongea na mlinzi. Atakufungulia pande zote mbili.